Maji ya Moto Nyuma ya Ukuta

Kamwene, wanangu. Juzi mlikuja wawili hapa kwangu Mlandege mkaniuliza mtu anayetaka kuanza kupika pombe nyumbani aanzie wapi. Nikawajibu aanze kwa kuosha chungu, mkacheka mkidhani nawatania. Sikuwa natania. Nimepika pombe tangu sijaolewa mpaka magoti yalipokataa kuinama mbele ya mafiga, na pombe nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibikia kwenye chungu, kabla ulezi haujagusa maji. Sasa kaeni niwaambie vizuri, maana siku ile mlikuwa na haraka ya kuwahi basi.

Chungu cha pombe huoshwa kwa majivu na maji ya moto. Sabuni hapana. Kikishakauka kinapinduliwa juu ya moshi wa nyasi kavu mpaka kinukie moshi ndani. Na chungu kilichopikiwa nyama hakirudi kwenye pombe, hata ukikisugua hadi kitoboke, kwa kuwa mafuta yameshaingia mwilini mwake. Mama yangu alikuwa mpole, lakini shangazi yangu alipochemshia kichwa cha mbuzi kwenye chungu chake cha ugimbi, pombe yetu ya ulezi, msimu ule wa mavuno ulipita hawasemezani. Mimi niliona ni hasira za bure. Nilipokuja kuwa na vyungu vyangu ndipo nilipomwelewa.

Halafu kimea. Ninyi sasa mnanunua unga wa kimea sokoni umefungwa kwenye mfuko, hamjui umeoteshwa na nani wala wapi. Sisi tuliotesha wenyewe. Unaloweka ulezi usiku kucha, unauchuja, unautandaza kwenye kikapu chenye majani ya mgomba, unaufunika na kuunyunyizia maji kila ukipita. Ukiona vizizi vyeupe vimechungulia, usiende kupiga soga kwa jirani. Ukiacha mpaka majani ya kijani yatokeze, pombe yako itakuwa chungu na watu watainywa kwa kukuonea huruma tu. Anika juani, sugua kwa viganja mizizi idondoke, pepeta, kisha tafuna punje chache. Ukisikia utamu ulimini, kimea kiko tayari. Mama alinifundisha kutafuna, na hadi leo siamini kimea ambacho sijakitafuna, ingawa meno yenyewe yamebaki ya kuhesabika.

Uji nao una makosa yake. Wapishi wapya humwaga kimea kwenye uji unaotokota wakidhani moto ndio unaopika pombe. Moto unaua kimea. Uache uji upoe mpaka kidole kikae ndani bila kukurupuka, ndipo ukoroge kimea chako. Nimewahi kumwona mwanamke mzima analia mbele ya mtungi uliokaa siku nyingi bila kutoa hata povu moja, anasema amerogwa. Nikamuuliza alitia kimea wakati gani. Akasema uji ulipokuwa jikoni bado. Basi, aliyemroga ni haraka yake.

Hayo ndiyo niliyojifunza kwa mama, hapa hapa Iringa, na nilijiona nimehitimu. Kumbe kupika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili nilijifunzia Iyunga, kule Mbeya, na nusura inirudishe kwetu na mtoto mgongoni.

Niliolewa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Mume wangu, Ambakisye, alikuwa utingo wa lori lililobeba mizigo kati ya Iringa na Mbeya. Barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Alikuwa Mnyakyusa wa asili ya Tukuyu, lakini wazazi wake walikuwa wamehamia Iyunga na kupata shamba la migomba na mahindi. Tulisafiri juu ya magunia ya chumvi. Pale Igawa tulilala njiani kwa sababu ya springi iliyokatika, na huko ndiko Ambakisye alikoniambia jambo ambalo alipaswa kuniambia kabla ya kufunga ndoa.

Aliniambia kwao mwanamke hamwoni baba mkwe wake. Si kwamba hazungumzi naye tu, hamwoni kabisa. Akimsikia anakuja njiani, anaingia majanini na kujifunika kanga kichwani mpaka apite. Hapiti mbele ya mlango wake. Hataji jina lake. Ni heshima, na mwanamke asiyeishika anawatia aibu hata wazazi wake waliomzaa. Nilimuuliza nitaishije boma moja na mtu nisiyeruhusiwa kumwona. Akasema nitazoea, mama yake atanielekeza.

Kisha akaongeza jingine. Katika ukoo wao, mke anakuwa wa nyumba siku baba mkwe anapokunywa pombe ya mkono wake. Kabla ya hapo ni mgeni, anapika kwenye mafiga ya mama mkwe, halimi shamba lake wala hana jiko lake. Nikafurahi moyoni. Kama ni pombe tu, nilijisemea, mimi ni binti wa mama yangu.

Mama mkwe alinipokea vizuri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Alinifundisha kimpumu, pombe yao ya ulezi, ambayo si kama ugimbi wetu. Ugimbi unachujwa, unatekwa kwa kata na kunywewa. Kimpumu hakichujwi. Unga wa ulezi unakandwa, unachachuka, unapikwa, unatiwa kimea, na mwisho unakuwa rojo zito linalochemka lenyewe ndani ya chungu. Nilikishika upesi. Mama mkwe alichovya kidole, akalamba, akasema kimeiva. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nikajaza kibuyu, nikakikamilisha nilivyoona inafaa kwa mtu mzima, nikatia mrija wa kunywea, nikampa wifi yangu Tusekile ampelekee mzee. Tusekile alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa jirani, na yeye kama binti aliweza kuingia kwa baba yake. Njia ya kwenda kwa mzee ilikuwa fupi, lakini mimi niliyebeba kibuyu ilinibidi nizunguke nyuma kwenye migomba, nishuke bondeni na kupanda tena, ili nisikatize mbele ya mlango wake. Tusekile alinipokea kibuyu kwenye kona ya mwisho, nami nikajificha kusubiri.

Kilirudi kimejaa. Mrija ulikuwa mkavu.

Hakukuwa na neno lolote, si la lawama wala la shukrani. Nilimwuliza Tusekile baba amesemaje, akasema hakusema kitu. Mwezi uliofuata nikapika tena, nikatumia kimea bora zaidi. Kikarudi kimejaa. Nikapika wakati wa mavuno, nikapika nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Kila mara nilitangulia kuutazama mrija, na kila mara ulikuwa mkavu. Wanangu, hakuna tusi linalouma kama lile ambalo hakuna aliyelitamka. Mtu akikwambia pombe yako mbaya, utamwuliza ubaya wake uko wapi. Mimi ningemwuliza nani?

Nilijua alitaka mwanawe aoe kwao. Nilikwisha kuyasikia hayo kisimani. Basi nikaamini mzee amenikataa, na kwa kuwa hawezi kunifukuza kwa mdomo, ananifukuza kwa kibuyu. Ambakisye akirudi safari alikunywa pombe yangu kwenye kikombe, Kiiringa, akasema tamu. Jioni moja aliniambia ndugu zake wamemuuliza atakaa na mgeni mpaka lini, mtoto anakua na mama yake hana mafiga. Alisema baada ya kiangazi kile, baba asipokunywa, itabidi anirudishe Mlandege wazee wazungumze. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anatazama miguu yake. Nililia, na sikuona aibu kulia mbele yake.

Kiangazi hicho mzee akaugua. Mnaijua baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, ukungu unalala mpaka saa nne na majani yanaamka meupe. Kifua chake kilibana, akaacha kula. Kitu pekee alichotaka ni kimpumu. Tusekile, ambaye siku zote ndiye aliyempikia, alikuwa amejifungua na yuko ndani. Mama mkwe akaja jikoni, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, una pombe iliyoiva?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo. Nilikuwa naipika kila mara, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua haufunguliwi. Nikachemsha maji, nikajaza kibuyu, nikakikamilisha kama kawaida, nikamkabidhi yeye mwenyewe safari hii. Alikipokea kwa mikono miwili, akasita. Akakitikisa. Akakisogeza sikioni, kisha akachungulia ndani.

"Nani amekuambia utie maji huku?"

Nikamwambia ndivyo ninavyofanya siku zote, maana nilisikia kimpumu hunywewa kwa maji ya moto. Nikamweleza kwamba kwetu Iringa kumpelekea mkubwa kitu ambacho hakijakamilika ni dharau, kana kwamba unamwambia amalizie mwenyewe. Kwa hiyo namimina maji ya moto huku huku, nakoroga, natia mrija, kisha naondoka.

"Na unapita wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Migomba, bonde, mpaka kule juu.

Mama mkwe alikaa chini kwenye majivu, yeye na nguo zake safi. Alicheka kwanza, kicheko kidogo kisicho na sauti, halafu nikaona machozi. Ndipo aliponieleza kitu ambacho kila mtoto wa boma lile alikijua isipokuwa mimi. Kimpumu hupelekwa kikiwa rojo tupu, bila maji. Maji yanayotokota hutiwa pale pale anapokaa mnywaji, anavuta kwa mrija, yakipungua unamwongezea mengine ya moto, na tena, na tena, mpaka ulezi uishe nguvu. Bila moto haishuki kooni. Ikipoa inaganda, inakuwa uji mchungu wenye makapi. Mwaka mzima na zaidi, katika baridi ile, nilikuwa namzungushia mzee wa watu bondeni na kumletea uji wa baridi.

Sasa mtaniuliza mbona hakuna aliyeniambia. Hata mimi niliuliza. Mama mkwe hakuwahi kukiona kibuyu kikiwa kimejaa maji, yeye alionja chunguni na kuendelea na kazi zake. Na namna ya kunywa ni kitu cha kuona kwa macho, hakuna aliyewahi kufikiri kinafundishwa kwa mdomo. Lakini mimi sikuweza kuona, kwa kuwa mkwe haketi mahali mzee anapokunywa. Tusekile yeye aliona. Nilipomfuata baadaye alikokuwa na kichanga chake, aliinamisha kichwa.

"Nilidhani ndivyo mnavyokunywa kwenu," alisema. "Nilimwambia baba niipashe moto. Akakataa. Akasema nikiigusa pombe ya mkwe wake ni kama amemrekebisha, na mkwe harekebishwi na baba. Akasema rudisha kama ilivyo, usimwambie neno, asije akaumia."

Asije akaumia. Mzee alikuwa akirudisha kibuyu kizima ili asiniumize, nami nilikuwa nazunguka bondeni ili nisimvunjie heshima, na katikati yetu pombe inapoa.

Siku hiyo hatukuwa na wakati wa kuyawaza hayo. Mgonjwa alikuwa anasubiri. Nilijaza kibuyu kingine, rojo tupu. Lakini mzee hakuweza tena kukaa bila kushikwa, na mama mkwe ndiye aliyemshika, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuchemsha maji na kuyaleta. Kuyatoa jikoni kwetu na kuzunguka nayo yangepoa vile vile. Mama mkwe akatazama huku na huku, kisha akaokota mawe matatu, akayapanga nyuma ya nyumba ya mzee, upande usio na mlango, ambapo ukuta wa mianzi ulikuwa umebanduka udongo kwa chini na kuacha nafasi ya kupitisha birika. Akaniambia niwashe moto hapo, nijifunike, nisisimame.

Niliwasha. Kuni zilikuwa na umande, nikapuliza mpaka kichwa kikauma. Maji yalipotokota nikalisukuma birika kwenye ile nafasi, mkono wa mama mkwe ukalipokea kwa ndani. Nikasikia maji yakimiminwa. Halafu nikasikia mrija.

Sijui niwaelezeje sauti ile. Ni kuvuta kwa mzee mwenye kifua kibovu, taratibu, anapumzika, anavuta tena. Nilikaa kwenye nyasi zenye baridi nimeziba mdomo kwa kanga, mtoto mgongoni, na sikumbuki furaha nyingine iliyowahi kunitoa jasho namna ile. Maji yalipoisha mrija ulivuta hewa, ukakoroma. Nikajua bila kuambiwa. Nikapitisha birika la pili.

Katikati ya birika hilo la pili ndipo aliposema. Wazee wale wakiwa na neno kwa mtu wasiyeweza kusema naye, walilisemea nguzo ya nyumba, mwenyewe akasikia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake karibu. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyofikiri.

"Nguzo," alisema, "huyo mwenye moto hapo nje, mwambie ndaga. Na hayo mafiga mtu asiyaondoe. Ni yake."

Ndaga kwa Kinyakyusa ni asante. Sikujibu, mkwe hajibu. Nilisukuma kuni moja mbele ili asikie moto unapokea.

Aliishi mpaka ukungu ulipoanza kupungua, na kila siku nilikuwa nyuma ya ule ukuta na birika langu. Alipofariki walimfunika kwa mkeka kabla wakwe hatujaruhusiwa kuingia kulia. Ambakisye alirudi safari akakuta baba yake amezikwa na mke wake ana jiko. Alijenga paa juu ya mafiga yale yale, hatukuyasogeza, ingawa mahali penyewe palikuwa pabaya na moshi wote uliingia kwa mama mkwe. Hakulalamika hata mara moja.

Nilipika Iyunga miaka mingi, kisha tulipohamia huku Mlandege nikapika tena, mpaka nikawa na kilabu changu. Nimeona mitungi ikipotea na mapipa ya bati yakija, kisha ndoo za plastiki. Nimeona watu wanatia sukari na hamira ya dukani ili wauze kesho, na wanywaji wanaamka na vichwa vinavyogonga wakidhani ni uzee. Ndoo sizikatai, zinaoshika vizuri. Sukari naikataa. Ila makosa ya chungu, ya kimea na ya uji, mtayafanya na mtajirekebisha wenyewe, kwa sababu pombe ikikataa utaiona imekataa.

Kosa lile langu la Iyunga ndilo ninaloliogopa kwenu. Pombe ilikuwa nzuri, kila mtu ana adabu, na bado kibuyu kinarudi. Kwa hiyo mkipika, msiishie kwenye kuonja ninyi wenyewe na kusifiana. Mfuateni mnywaji mjue anainywa amekaa wapi, inamfikia ikiwa namna gani, na ikirudi, ulizeni, hata kama wa kuulizwa ni nguzo. Kuuliza si ujinga, mimi nilikawia kuamini hivyo.

Watu huniuliza alikuwa anafanana na nani, maana wajukuu wengine wana paji la uso ambalo si la kwetu wala si la mama mkwe. Siwezi kuwaambia. Sura yake sikuiona akiwa hai, wala akiwa amelala chini ya mkeka. Lakini hata leo, mtu akinywa mahali nilipo na mrija ukavuta hewa, naukuta mkono wangu umeshanyanyuka kutafuta birika.